Daktari Aambiwe Lini?

3 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, duka lako la vitambaa na wajukuu. Mimi mwili haujambo ila roho haijatulia, na hapa sina wa kumwambia, kwa sababu kliniki nzima tupo wawili tu. Daktari yuko mbele kwenye kiti cha wagonjwa, anang'oa meno. Mimi niko nyuma karakanani, natengeneza ya kupachika. Miaka sita sasa hatujawahi kukosana kwa jambo kubwa kuliko sauti ya redio.

Shangazi, nimeomba kazi kwingine. Hospitali kubwa inafungua kitengo cha meno ya bandia na inatafuta fundi. Ni ajira ya kudumu, na wanakupeleka chuo miaka miwili ukapate cheti. Kwa Daktari cheti sitakipata hata nikizeeka naye, maana yote aliyonifundisha yako mikononi mwangu, hayako kwenye karatasi yoyote. Barua ya wito wa usaili walinipa hapo hapo nilipopeleka fomu, ni Alhamisi ya wiki ijayo.

Sasa sikia nilivyojitia kitanzi. Jana nilihitaji ruhusa ya nusu siku nipeleke fomu. Nilikuwa nimejipanga kusema nina shida benki. Nikafika mbele ya Daktari, akaniangalia kwa juu ya miwani, mdomo ukasema wenyewe: "Jino linaniuma." Nafanya kazi kwa daktari wa meno, Shangazi. Watu wote duniani wanaweza kusingizia jino isipokuwa mimi. Alinikalisha kitini, akawasha taa, akayagonga moja moja kwa mpini wa kioo chake, yote thelathini na mawili, akiuliza, "Hili? Hili je?" Nilichagua la nyuma kulia kwa sababu nilichoka kuachama. Akasema halina kitu ila tutaliangalia. Ruhusa sikupata. Fomu niliipeleka saa ya chakula, mbio, na koti la kazini mwilini.

Sasa nimwambie lini? Nikimwambia leo na kazi nikaikosa, nitakaa naye vipi? Nisipomwambia, unamkumbuka fundi aliyekuwepo kabla yangu. Siku moja hakuja, basi. Daktari alizipata habari kwa muuza chai. Miaka sita imepita na koti la yule bwana bado linaning'inia kwenye msumari, Daktari hataki litolewe. Kila mgonjwa aliyejazwa pamba mdomoni asiyeweza kujibu husimuliwa kisa hicho. "Kuondoka si kosa," humwambia. "Kosa ni muuza chai kujua kabla yangu." Naogopa koti langu lisije likawa la pili.

Meno yako ya bandia ya chini yamefika salama kwa posta. Ufa ni mrefu, umetoka upande hadi upande. Daktari amesema kwa heshima yako atayashughulikia mwenyewe, mimi nisiyaguse.

Binti yako.


9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Ingekuwa rahisi kukupigia simu, lakini tangu meno ya chini yaondoke, nikizungumza kwenye simu watu wanadhani nimelewa. Juzi nilimpigia anayeniuzia vitambaa kwa jumla, akaniambia, "Bibi, kalale kwanza." Basi tuandikiane.

Swali lako lina jibu fupi. Usimwambie. Usiache mbachao kwa msala upitao, na huo msala wa hospitali hata haujapita bado, umeusikia tu kwamba unakuja. Mtu anayetafuta kazi ni kama mwenye mimba changa, hatangazi hata akitapika mbele za watu.

Kabla ya kufungua duka langu nilifanya kazi kwa watu wanne. Yule wa kwanza nilimwambia mapema, kwa uungwana. Alinishukuru, akanishika mikono yote miwili, machozi yakamlengalenga. Kesho yake asubuhi nikamkuta mpwa wake amekaa kwenye kiti changu, anatumia mkasi wangu. Tangu hapo uungwana wa aina hiyo nimeuacha kwa wenye mali.

Tena kuna jambo la pili, na nitalisema wazi kwa kuwa wewe ni damu yangu. Usimwambie kabla meno yangu hayajatoka humo ndani. Simsemi vibaya Daktari, ni mtu mstaarabu. Lakini mtu akikasirika hukasirika mpaka mkono, na mkono huo ndio ulioshika meno yangu. Yakishafika hapa, yakakaa vizuri, nikatafuna kitu kigumu siku tatu nikaridhika, hapo mwambie chochote unachotaka.

Mimi huku nameza uji. Mteja akianza kubishana bei nafunika mdomo kwa mkono, naye anadhani nimeionea aibu bei yangu mwenyewe, anashuka zaidi. Wiki hii nimeuza vitambaa kama ninavigawa.

Na hilo jino, kwa kuwa umeshaanza, liume tena Alhamisi. Njia ya mwongo ni fupi, najua, lakini Alhamisi nayo iko karibu.

Shangazi yako.


20 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilifika Jumatano, na Alhamisi jino likauma kama ulivyoagiza.

Nilikuwa nimevaa viatu vipya na nywele nimezitengeneza, kwa ajili ya usaili. Daktari aliniangalia kuanzia juu mpaka chini. "Bado lile la nyuma?" akauliza. Nikasema bado. "Mara ya tatu hii," akasema, maana wikiendi lilikuwa limeuma kidogo pia, nilikuwa nalifanyia mazoezi. "Leo tunaling'oa."

Kabla sijapata la kusema nilikuwa kitini nimeachama. Akavaa glavu, akachukua koleo. Nikafumba macho nikasema moyoni, haya, jino moja kwa ajira ya kudumu, watu wametoa zaidi ya hilo. Nikangoja. Nikafumbua jicho moja, nikamwona amesimama na koleo hewani, ananitazama tu. Kisha akaliweka chini, akageuka kwenda dirishani. Akaongea huku amenipa mgongo: "Nenda hospitali kubwa wakakupige picha. Leo mimi siwezi."

Shangazi, amenituma mwenyewe mahali penyewe. Nilikwenda kwenye usaili kwa ruhusa yake na nauli yake. Anajua. Hakuna maelezo mengine ya uso ule.

Waliotusaili walikuwa watu watano na meza moja. Barua ya wito ilitutaka kila mmoja aje na kazi aliyoifanya kwa mkono wake. Yangu waliigeuza geuza, wakaipitisha mkono kwa mkono, mmoja akatoa kioo cha kukuzia akatafuta kiungo, hakukiona. Wakaandika sana. Mwishoni wakasema kazi za waliofanya vizuri zinabaki kwao mpaka kikao cha wakuu. Ningesemaje? Nikaiacha.

Niliporudi Daktari aliniuliza picha imeonyesha nini. Nikasema haijaonyesha kitu. Leo asubuhi nimekuta kwenye benchi langu stuli mpya yenye mto, eti mgongo wangu nao uangaliwe, labda maumivu yanatokea huko. Nimeikalia siku nzima na siwezi kukueleza inavyochoma.

Muuza chai naye ameniuliza ninaanza lini hospitali. Sijamwambia neno, wallahi. Sijui watu hawa habari huzipata kwenye birika.

Kuhusu meno yako, kuwa na subira kidogo. Daktari ana kazi nyingi mno siku hizi. Usimwandikie kuyaulizia, atajisikia vibaya.

Binti yako.


24 Machi

Kwa Dada yangu mheshimiwa,

Salamu nyingi. Ni matumaini yangu u mzima. Naandika kwa mambo mawili.

La kwanza ni meno yako. Kazi inaendelea. Naomba siku chache za ziada, kwa kuwa si desturi yangu kufanya kazi ya kuwahi.

La pili ni binti yetu. Ulimleta hapa mwenyewe miaka sita iliyopita, na huku kinywa chako kimejaa plasta ya kuchukulia kipimo ukaniambia maneno ambayo sikuyaelewa, lakini niliyapokea kuwa ni amana. Kwa hiyo nina wajibu wa kukuarifu. Binti amelalamika jino mara tatu katika mwezi huu. Nimelikagua. Jino hilo litamzika yeye na sisi sote. Alhamisi ya tarehe 12 alikuja kulalamika akiwa amevaa viatu vipya na nywele amezisuka upya. Dada, nimekuwa kwenye kazi hii miaka thelathini na moja, sijaona mtu anayejipamba kuja kung'olewa jino. Nilipomtuma hospitali kubwa alitoka mbio, na amerudi kutoka huko akiwa mtu mwingine. Anavunja nta ya kuundia meno. Anaimba halafu ananyamaza katikati ya wimbo.

Nimefikia uamuzi kwamba kuna mchumba, na kwamba mchumba huyo anafanya kazi hospitali kubwa, bila shaka katika chumba cha picha.

Sipingi. Hata suti nimeshaipeleka kwa fundi aniongezee kiuno. Ninachoomba ni kimoja tu, nisiwe wa mwisho kujua. Jambo hilo lilinipata mara moja katika kliniki hii na lilinikaa vibaya. Muuza chai ameanza kunitazama kwa huruma, dalili ninayoifahamu. Nikijua mapema nitafurahi naye. Nikijua mwisho nitafurahi pia, lakini kwa taabu.

Wako katika heshima,
Daktari.


29 Machi

Daktari,

Salamu zako nimezipokea, nami nakurudishia nyingi zaidi.

Hakuna mchumba ninayemjua, na mimi huwajua kabla hawajajijua wenyewe. Kiuno cha suti kirudishwe kilivyokuwa. Wasichana siku hizi hupendeza bila sababu, na nta huvunjika hata mikononi mwa walioolewa. Usimchunguze sana. Kama kuna neno, atakuja nalo mwenyewe likishaiva.

Sasa tuje kwenye meno. Umeomba siku chache. Za kwako sijui zimebaki ngapi, za kwangu zimekwisha. Najua husikii raha ukiambiwa jino la pembe si dawa ya pengo, lakini mimi hapa nilipofika ningelipokea la pembe, hata la mti. Binti ameniandikia kwamba una kazi nyingi mno. Kama ndivyo, mpe yeye ayafanye, mikono yake naiamini. Nawe pumzika. Mwandiko wako unayumba siku hizi, kama umeandikia kwenye gari bovu.

Ni mimi,
mteja wako wa siku nyingi.


4 Aprili

Dada yangu,

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko ilivyo kawaida yangu, na nimeona heri niseme kweli.

Sina kazi nyingi. Napata wagonjwa wawili kwa siku, na mmoja wao huja kwa ajili ya redio. Binti aliandika vile kunistiri, na hapo ndipo nilipojua kuwa ameshagundua.

Meno yako yamepotea. Niliyaweka kwenye kabati la kioo, rafu ya pili, ndani ya kisanduku chake. Siku moja nilifungua nikakuta kisanduku kitupu. Siku gani, sikumbuki. Nimetafuta kwenye pipa la plasta, kwenye mifuko ya makoti yote mawili na lile la msumarini, kwenye friji ya nyumbani, nyuma ya redio. Nilimwita mgonjwa mmoja arudi nikamchungulia kinywani, nikihofia kwamba nilimpachika ya kwako. Yalikuwa yake. Nilimuuliza binti kama ameyaona. Akainamisha kichwa, akasema hapana, kwa sauti ya mtu anayemhurumia mwenzake.

Nitakueleza na jambo jingine, kwa kuwa umeuona mwandiko. Tangu mwaka jana mkono wangu wa kulia unatetemeka. Ndiyo maana niliyaweka meno yako kabatini siku zote zile bila kuyagusa. Nilikuwa nangoja siku ambayo mkono utatulia. Na ile Alhamisi ya jino nilishika koleo mbele ya kinywa cha mtoto wa watu likawa linacheza hewani. Niligeukia dirishani ili asinione.

Mkono nilikuwa nimeanza kuuzoea. Nilipanga binti ashike kazi zote za vidole, mimi nishike mazungumzo. Lakini mkono na kichwa kwa pamoja, Dada, hapana. Daktari asiyekumbuka alikoweka meno ya watu hafai kuachiwa vinywa vyao. Mwisho wa mwezi huu nafunga kliniki. Binti usimwambie. Nitamwambia mwenyewe, natafuta siku nzuri, na kila siku naona si hiyo. Naogopa sana kumwambia.

Meno mapya utatengenezewa kwingine kwa gharama yangu. Nisamehe.

Daktari.


9 Aprili

Mwanangu,

Leo salamu zingoje. Meno yangu yako wapi?

Usijibu, ninajua. Uliniandikia ulipeleka kazi ya mkono wako, wakatafuta kiungo wasikione. Nikajisemea, mtoto huyu ni fundi, kaziba ufa wa mtu mpaka hauonekani. Kumbe mtu mwenyewe ni mimi. Wiki tano nameza uji ili mabwana watano wapitishiane kinywa changu mezani.

Hilo nitakuja kulisamehe. Nitalisamehe siku nitakapokuwa na cha kusagia meno kwa hasira, maana sasa hivi hata hiyo siwezi.

Lakini jambo jingine hili sikia vizuri. Yule mzee anaamini akili zimemtoka. Anatafuta meno yangu kwenye friji. Anachungulia vinywa vya watu waliokwisha kulipa wakaenda zao. Mwisho wa mwezi anafunga kliniki, kwa sababu ya kitu ulichokitia kwenye mkoba wako. Na siku ile ya koleo hakuwa amekugundua. Mkono wake unatetemeka, alikuwa anakuficha. Ameniomba nisikuambie. Nakuambia, kwa kuwa siri yake na yako zote zimeletwa kwangu na mimi si kabati.

Nilikushauri usimwambie. Nilikosea, tena niliyokuwa nayatetea ni meno yangu, sikuwa nakutetea wewe. Mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe umeficha yako, akaugua mwenzio.

Mwambie leo. Usingoje barua ya hospitali, usingoje mgonjwa atoke, usingoje amalize chai. Ukifika mwisho wa mstari huu, inuka kwenye hiyo stuli aliyokununulia, uende mbele.

Shangazi yako.


15 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na nisamehe. Niliisoma barua yako karakanani, nikainuka kama ulivyosema. Sikuikunja hata.

Daktari alikuwa na yule mgonjwa wa redio, kamlaza na pamba mdomoni. Nikasema yote hapo hapo, kwa mfululizo, kwa sababu nilijua nikivuta pumzi nitarudi nyuma. Hospitali, fomu, jino, usaili. Kwamba kila mtu alitakiwa kwenda na kazi yake, na kazi zangu zote zilikuwa za watu wa hapa mjini waliokuwa wanazijia wiki ile ile. Ya kwako tu ndiyo iliyokuwa haina mtu wa kubisha mlango. Nikayaziba Jumatano alipokwenda kula, nikiwaza nitayarudisha Alhamisi jioni kabla hajafungua kabati, nimwachie yeye sifa.

Alikaa kwenye ukingo wa kiti, miguuni pa mgonjwa.

"Meno yalikuwa kwako?"

"Yalikuwa kwangu, Daktari."

"Tangu lini?"

"Tarehe kumi na moja."

"Kwa hiyo sikuyapoteza."

"Hukuyapoteza."

"Yalikuwa rafu ya pili."

"Rafu ya pili, kwenye kisanduku, pale pale ulipoyaweka."

Akavua miwani, akalia, Shangazi. Halafu akaanza kucheka huku bado analia, mpaka mgonjwa akatoa pamba akacheka naye. Mimi sikucheka. Nilikuwa naona nilichomfanyia mzee huyu mwezi mzima, kila siku nikimpita na kikombe mkononi, nikimwona anapekua nyuma ya redio, nikimwambia sijui.

Kicheko kilipoisha akauliza, "Muuza chai anajua habari ya hospitali?"

Nikasema anajua, ila si kwa kinywa changu. Akatikisa kichwa. Akavaa koti lake la nje, saa nne asubuhi, akaondoka. Mgonjwa nilimmalizia mimi.

Kesho yake mchana alinijia karakanani. Nilikuwa nimeshampa barua ya hospitali aisome, maana ilikuwa imekuja siku moja kabla ya ile yako. Wamenichagua. Lakini wanataka barua ya mwajiri wangu ifike kwao kabla ya tarehe 20, aseme alijulishwa lini kwamba natafuta kazi, na kama kazi niliyoipeleka ilitolewa kwa idhini yake na ya mwenyewe, na ustadi wangu ukoje. Wameandika kwamba mtu anayemtoroka mwajiri wake kimyakimya hawampokei, kwa sababu kesho atawatoroka wao. Sasa unaona nilipokwama. Kweli ikiandikwa, kazi sina, cheti sina, na ni haki yangu.

Nikamwambia, "Daktari, mimi siendi. Sistahili hiyo barua na sikuombi uiandike."

"Nani amekuuliza?" akasema. Kisha akasema maneno marefu kidogo, nayo nakuandikia kama yalivyo: "Ungeniambia siku ile ya kwanza ningenuna siku mbili, nikamaliza. Mtu hujifunza akaondoka, mimi mwenyewe niliondoka kwa aliyenifundisha. Lakini umeniacha nitafute peke yangu. Hilo limeniuma, binti, na litaendelea kuniuma kidogo."

Nilisema nisamehe. Akanyoosha mkono wa kulia juu ya benchi langu, katikati ya vipande vya nta, akauacha hapo nikauona unavyotetemeka. Tuliutazama wote wawili. Akasema amezungumza na daktari mmoja kijana ambaye anaweza kuja siku tatu kwa wiki kushika koleo, yeye abaki na kioo na maneno. Kliniki haifungwi.

Jioni akaniagiza nije kesho mapema, nije na karatasi safi na kalamu nzuri. Nadhani ataniandikisha barua ya kunifukuza. Nimeshakunja koti langu, nimeliweka kwenye mfuko ili asipate la kutundika.

Meno yako nitayafuata mwenyewe hospitali, hata nikiwa mtu wa kufukuzwa.

Binti yako.


16 Aprili

Kwa Mkuu,
Kitengo cha Meno ya Bandia,
Hospitali Kuu.

YAH: FUNDI WANGU

Ndugu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mmeniuliza mambo matatu, nayajibu kwa mpangilio wenu.

Mmeuliza ni lini nilijulishwa kwamba anatafuta kazi kwingine. Aliniambia tarehe 2 Machi, asubuhi, siku ile ile aliyowaletea fomu, kabla hajavaa koti la kazi. Mimi ndiye niliyekuwa mtu wa kwanza kujua. Wengine wote katika mtaa huu, akiwemo muuza chai, walijua baada yangu.

Mmeuliza kuhusu idhini ya kazi aliyokuja nayo. Meno yale niliyatoa kabatini mwenyewe, rafu ya pili, nikamkabidhi. Nakumbuka vizuri, kwa kuwa kumbukumbu zangu hazina kasoro. Mwenye meno naye aliridhia kwa moyo mmoja, ila ridhaa yake inapungua kwa kila mlo unaopita. Tafadhali myarudishe wiki hii.

Mmeuliza ustadi wake. Kazi ile ilinifika mikononi ikiwa na ufa wa upande hadi upande. Nilikuwa nimekusudia kuifanya mwenyewe, nikashindwa. Yeye aliifanya katika saa moja ya chakula cha mchana. Nilimfundisha kila ninachojua, na vingine amevijua mwenyewe. Kilichobaki ni cheti, na hicho mimi sina cha kumpa. Mpelekeni chuo kama mlivyoahidi. Akihitaji benchi la kufanyia mazoezi siku za mapumziko, la kwake lipo, na stuli ipo.

Barua hii imeandikwa kwa mkono wake, kwa sababu wangu hautulii tena kwenye kalamu. Sahihi tu ndiyo yangu, nanyi mtaona ilivyo. Maneno yote ni ya kwangu. Pale juu kwenye tarehe 2 Machi mtakuta wino umetawanyika. Hapo alisimamisha kalamu, akawa hataki kuendelea. Nilimwambia aandike kama ninavyotamka, na ameandika.

Wenu katika kazi,
Daktari.